Rola Tatu za Kinu cha Yusufu

Watu hugawana minazi, hugawana mikorosho, na wakikosa haya hugawana hata vijiko. Kinu hakigawanywi. Lakini ukoo wa marehemu Yusufu Nampembe, huku bondeni chini ya Mahurunga, walikaa kwenye jamvi tangu asubuhi, wakala wali wa watu wakashiba, kisha wakagawana kinu cha miwa kama mtu anavyogawa samaki: huyu kichwa, yule mkia. Aliyebaki na mfupa mkononi ni Somoe, mke mkubwa. Habari hii ni yake.

Somoe binti Chitanda ni mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka sitini na ushei. Haongei sana, na akiongea haweki akiba. Alizaliwa Kitaya, akaolewa na Yusufu angali binti, akaletwa huku ambako mto Ruvuma ukijaa huacha tope jeusi linalootesha miwa minene ajabu. Juu kwenye mchanga ana mikorosho na mihogo kama kila mtu, lakini mikorosho haijampa jina. Jina alipewa na sukari guru, ile inayomiminwa kwenye vifuu vya nazi ikaganda, ikatoka duara upande mmoja na bapa upande mwingine, yenye harufu ya moshi kwa mbali. Kutoka kivuko cha Kilambo mpaka sokoni Mtwara mjini, mwanamke aliyejifungua akitaka uji wa kurudisha nguvu husema, "Nitafutieni sukari ya Bi Somoe." Yeye akiambiwa hujifanya hakusikia, lakini siku hiyo hutembea kwa maringo kidogo. Nani asiyependa kusifiwa?

Kinu chenyewe ni cha zamani kuliko mtu yeyote aliye hai kijijini. Ni rola tatu nene za chuma zilizosimama wima, bega kwa bega, ndani ya fremu. Kichwani zina meno yanayoshikana, kwa hiyo ukiizungusha ile ya kati, za pembeni nazo huzunguka. Juu hufungwa boriti ndefu, na watu huisukuma boriti hiyo wakizunguka na kuzunguka. Kwingine walifunga punda au ng'ombe. Huku mbung'o hawakuwaacha ng'ombe wapumue, basi punda ni sisi wenyewe.

Kilitoka kwenye shamba la bwana mmoja wa pwani, enzi za babu wa babu, aliyelima miwa kwa mikono ya watu aliowanunua. Huko mambo yalikuwa makubwa. Maji ya miwa yalipita kwenye makarai matano yaliyopangwa mstari mmoja juu ya tanuri moja, kubwa mwanzo, dogo mwisho, na watu wenye kata za mpini mrefu waliyahamisha yakiwa yanatokota, karai hadi karai, mpaka yawe mazito kama asali. Kisha yakamiminwa kwenye vyungu vyenye tundu chini, na juu vikafunikwa tope bichi. Maji ya tope yalishuka polepole yakaiosha sukari, molasi nyeusi ikadondokea chini. Ile nyeupe ilipakiwa ikaenda ng'ambo. Ile nyeusi waliachiwa waliosukuma boriti.

Bwana na jamaa zake walipoondoka, pori lilimeza shamba, kikabaki chuma. Babu yake Yusufu, ambaye baba yake mzazi alisukuma boriti ile mpaka mgongo ukapinda, alikwenda na wenzake wakakifungua kinu, wakakileta bondeni kipande kwa kipande, pamoja na karai moja ambalo halikuwa limepasuka. Aliulizwa kwa nini analeta balaa lile nyumbani. Akajibu, "Kilimkamua baba yangu. Sasa kitamlisha mjukuu wangu." Hakutaka mjadala.

Mzee huyo alikuwa na utani wake pia. Rola ya kati aliiita mume, kwa kuwa ndiyo inayowazungusha wenzake. Za pembeni akaziita bi mkubwa na bi mdogo. Ukoo mzima ukayashika majina hayo, na Yusufu alipokuja kuoa mke wa pili, Nasra, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakasema kinu sasa kimetimia.

Kinu cha namna hii hakitaki mtu mmoja. Mlishaji hukaa mbele, akauingiza muwa kati ya bi mkubwa na mume. Muwa hutokea nyuma umebanwa nusu, na huko nyuma lazima awepo mpokeaji wa kuudaka, kuukunja na kuurudisha kati ya mume na bi mdogo, ili utoke mbele makapi matupu. Somoe alilisha, Nasra alipokea. Nani aliwapanga? Somoe mwenyewe, tangu siku ya kwanza, na hakueleza sababu. Mbele ndiko wageni wanakofikia, ndiko wanakosema, "Pole na kazi, Bi Somoe." Nyuma ni maji ya miwa kukurukia machoni. Nyuma huko huko, kwenye kivuli cha banda, ndiko Yusufu alikokaa na karai lake, akiengua povu, akitia chokaa kidogo ya kukata uchachu, akidondosha tone kwenye maji baridi kuona kama limeshikana. Wakaenda hivyo msimu baada ya msimu, na sukari ikatoka.

Yusufu akafa kwa homa ya siku chache tu. Baada ya arobaini, ukoo ukaketi. Mashamba yaligawanywa bila tabu, maana sheikh alikuwepo na mafungu yanajulikana. Tabu ilikuja kwenye kinu. Ramadhani, mdogo wake marehemu, alisema kibaki pale pale, wote wakitumie. Yalikuwa maneno ya busara, ndiyo maana hayakusikilizwa. Nasra akasema anataka ijulikane mbele ya watu kwamba na yeye ana haki kwenye kinu, kwa kuwa amekifanyia kazi. Hapo Somoe, ambaye uchungu wa kufiwa ulikuwa bado haujampoa, akatamka jamvi zima likasikia:

"Kazi gani? Wewe ulikuwa unaokota makapi tu."

Jamani, kuna maneno yakitoka hayarudi. Nasra hakulia wala hakujibu matusi. Alisema tu, "Basi nipeni rola yangu." Na wazee, sijui kwa kuchoka, sijui kwa kupenda mzaha, wakakigawa kinu kwa majina yake. Bi mkubwa kwa Somoe. Bi mdogo kwa Nasra. Na mume wakampa Tatu, dada wa marehemu anayeishi Mikindani, ati kwa kuwa mume mwenyewe alikuwa kaka yake. Fremu na karai vikabaki kwa Ramadhani. Sheikh alikuwa ameshaondoka kwenda kuswali. Angekuwepo, wallahi angewachapa bakora wote.

Msimu ule Somoe aliuza miwa ya kutafuna pembeni mwa barabara, kipande kipande, kama mtoto anayetafuta hela ya daftari. Iliyobaki ikatoa maua, na muwa ukishatoa maua ndani unakuwa pamba. Msimu uliofuata ukawa vile vile. Akafika mahali akawa anaona aibu kupita kwenye shamba lake mwenyewe. Watu walipomuuliza sukari aliwajibu kwamba amepumzika, lakini moyoni alijua hajapumzika hata siku moja.

Mwaka huu, wakati watu wanaanza kupulizia mikorosho dawa, habari ikaingia kijijini kwamba kuna mnunuzi wa vyuma chakavu anazunguka na lori. Ananunua mabati, injini mbovu, majembe yaliyokufa. Nasra, ambaye nyumba yake iko karibu na zahanati, alikuwa ameitoa rola yake ndani na kuisimamisha barazani. Lori lingepita kwake Jumamosi.

Somoe aliposikia hivyo alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya tuta la mihogo. Rola ya namna ile hakuna fundi anayeiyeyusha na kuimimina tena siku hizi, si Mtwara, si kwingine anakokujua yeye. Ikienda moja, zile mbili ni mawe tu. Mume alishamzika. Akizika na kinu, angebaki kuwa nani? Mjane mwenye mihogo. Aliogopa, na yeye si mtu wa kuogopa.

Akaanza na lililo jepesi. Akaenda Mikindani kwa wifi yake. Tatu alikuwa ameisimamisha rola uani, juu yake ameweka ndoo ya maji.

"Wifi! Umemfuata mume?" Tatu alipiga kelele kabla hata ya salamu.

"Nimemfuata."

"Mchukue, mama, mchukue! Huku kwangu kazi yake kushikilia ndoo, na hata hiyo anaimwaga. Wanaume wa ukoo wetu ndivyo walivyo." Akacheka peke yake, akamkaribisha, akamtilia chai. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Na bi mdogo je?"

"Nitatuma mtu akamwombe."

"Utatuma mtu! Wewe ulimtukana kwa mdomo wako, halafu umwombe kwa mdomo wa mtu mwingine? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wifi. Na wewe mgongo wako bado mzima, nauona."

Somoe alikunywa chai yake akiwa amenuna, lakini alijua ameambiwa ukweli. Rola ikapakiwa kwenye gari lililokuwa likipeleka salfa, dawa ya mikorosho, kwa wakulima, ikafika bondeni imepakaa unga wa njano mwili mzima.

Kesho yake akapiga hodi kwa Nasra. Tangu siku ya jamvi hakuwa amekanyaga pale, ingawa ni mwendo mfupi.

"Shikamoo, dada," Nasra alisema. Heshima hakuiacha hata siku moja, na hilo lilimuudhi Somoe zaidi kuliko matusi.

"Marahaba."

Akaletewa kigoda, akaletewa maji ya kunywa. Rola ilikuwa pale barazani, mbele ya macho yake, na Somoe alipoitazama vizuri alishtuka. Iling'aa. Ilikuwa imepakwa mafuta ya nazi tangu kwenye meno mpaka chini, haina doa la kutu. Ya kwake kule nyumbani aliiegemeza jikoni, kuku wanalala juu yake. Akaona haya, akageuzia macho barabarani.

"Nataka kukamua," alisema. "Miwa imekomaa."

"Najua. Naiona nikienda mtoni."

"Nahitaji rola yako."

"Itakuja," Nasra alisema bila kusita. "Na mimi nitakuja nayo. Ila nitalisha mimi. Wewe utapokea."

Somoe alidhani hakusikia vizuri. "Wewe hujui kulisha."

"Muwa wako wote uliolisha miaka ile umepita mikononi mwangu, dada. Najua ulilisha wapi vizuri na wapi vibaya."

"Watu watasema nini?"

"Watasema Bi Somoe anaokota makapi."

Nasra hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Somoe akainuka, akaondoka, yale maji hakuyagusa. Huku kwetu kuyaacha maji ya mwenyeji si jambo dogo, na wote wawili walilijua hilo.

Njia nzima alikuwa anagomba peke yake. Mimi! Mimi niliyemkuta Yusufu hana hata sufuria ya kuazima! Mimi nikainame nyuma, huyu asimame mbele watu wanamwona! Alifika nyumbani akafagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa. Akampiga kuku ufagio. Kisha akatoa rola yake jikoni, akawafukuza kuku, akaanza kuisugua kutu kwa mchanga na kitambaa, na kadiri alivyosugua ndivyo alivyokuwa akiona wazi kwamba hana njia nyingine. Angeweza kuwa na heshima yake bila kinu, au kinu bila ile heshima. Vyote viwili kwa pamoja asingevipata.

Ijumaa baada ya swala alichukua panga, akashuka shambani, akaanza kukata miwa. Mtu asiyejua kazi hii atasema, basi amekata miwa, kuna nini? Muwa ukishakatwa hausubiri mtu. Kesho yake unaanza kuchacha, na keshokutwa sukari yake haigandi hata uombe dua. Hakati miwa mtu asiye na kinu. Panga liliposikika bondeni, kijiji kizima kilielewa.

Ramadhani alikuja mbio. "Shemeji, umekubali?"

"Unaniona nafanya nini?"

"Unakata miwa."

"Sasa unauliza nini?"

Jumamosi asubuhi Ramadhani aliziingiza rola ndani ya fremu, akazipaka grisi, akafunga boriti. Majirani walikuja kusukuma na, tuseme ukweli, walikuja kutazama. Nasra alifika amefunga kanga kifuani na nyingine kiunoni, akasimama mbele ya kinu, akatulia. Somoe akapita katikati ya watu wote hao, hakumtazama mtu, akazunguka, akasimama nyuma. Mahali fulani mwanamke akasema, "Mwe!" Mwingine akamkanyaga mguu.

Muwa wa kwanza uliingia na mwenzake, miwili kwa pamoja. Fremu ikalia, wasukumaji wakaguna. "Mmoja mmoja," Somoe alisema kutoka nyuma, na Nasra akafuata. Kidogo kidogo kazi ikakaa. Maji ya miwa yakaanza kutiririka kwenye ndoo, ya kijani, yenye povu, Ramadhani akayachuja na kuyatia karaini, moto ukashika.

Na huku nyuma Somoe akaanza kujua asichokijua. Maji yalimrukia machoni, yakawasha. Maganda yaliyopasuka yalikuwa makali kama wembe, yakamchana viganja, utamu ukaingia kwenye majeraha ukauma kuliko chumvi. Mchana ulipofika alikuwa amejifunga matambara mikono yote miwili. Akakumbuka jinsi alivyokuwa akimwona Nasra na matambara kama yale, akisema moyoni mwake kwamba msichana huyu anadeka. Miaka yote ile. Mungu nisamehe, alisema kwa sauti, na hakuna aliyemsikia kwa kelele za meno ya chuma.

Lori la vyuma chakavu lilikuja, likapiga honi njiani. "Mwambieni aende," Nasra alisema, macho hakuyainua. Likaenda.

Nyuma kulikuwa na taabu, lakini kulikuwa na kivuli pia. Upepo wa mtoni ulipita. Ramadhani, ambaye ana sauti ya kaka yake kabisa, alikuwa akiengua povu na kusema upuuzi bila kupumzika. Alisimulia jinsi Yusufu alivyoonja sukari ingali moto, ndevu zikagandia kwenye upawa, akatembea nao kidevuni mpaka kwa kinyozi. Somoe hakuwa amewahi kuisikia. Akacheka. Kicheko kilimtoka tumboni, kikubwa, kama cha mtu aliyekuwa ameziba mdomo kwa muda mrefu.

Kule mbele Nasra akainua kichwa.

"Macho kwenye chuma!" Somoe alipiga ukelele, na wasukumaji wakasimama palepale. Ncha ya kanga ya Nasra ilikuwa imeshaingia kati ya rola, na vidole vyake vilikuwa karibu nayo mno. Wakairudisha boriti nyuma polepole, kanga ikatoka imebanwa kama karatasi. Nasra aliishika akaitazama.

Kisha akainama, akachungulia kati ya rola. Upande wa pili Somoe naye alikuwa ameinama, anamtazama yeye.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Dada, huku unasikia watu wanacheka, na huwezi kutazama."

"Huwezi."

"Siku zote ilikuwa hivi?"

"Siku zote."

Ramadhani aliacha kuengua povu, upawa mkononi.

"Mimi na marehemu hatukuwa tunakucheka wewe," Nasra alisema.

Somoe alikuwa ameshika muwa uliobanwa nusu, maji yanamdondoka viwikoni.

"Ningejuaje, Nasra?" alisema, na sauti ikamkatika mbele ya watu wote. "Ningejuaje mimi?"

Nasra akakaa sawa. Akachukua muwa, akaashiria boriti isukumwe taratibu. Kisha, akiwa amekaza macho kwenye chuma, akaanza kumsimulia kwa sauti ya kushinda meno ya kinu yale ambayo Yusufu alikuwa akiyasema kule nyuma: ya mpwa aliyemposa mwanamke aliyekwisha olewa, ya mbuzi aliyekunywa molasi, ya mwenyekiti na kofia yake. Mengine hayakuchekesha hata kidogo. Somoe aliyacheka yote.